Magoti ya Mama Hayakuulizwa

Mwanangu, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka hata nikiwa sitaki. Nilimkuta mama yangu jikoni amekaa kwenye kiti, magoti yote mawili ameyafunga vitambaa vilivyolowa maji. Aliponiona akavuta kitenge haraka kuyafunika. Alidhani sijaona. Niliona, na nilijua kosa ni langu.

Mama ametuacha mwaka huu, kiangazi kilipoanza. Watu wanaokuja kutupa pole huiona mashine yake ya mazoezi sebuleni, na vijana huniuliza jinsi ilivyochaguliwa, maana nao wana wazazi wenye magoti mabovu. Nawajibu kwa ufupi, sina maneno mengi siku hizi. Lakini wewe, kijana uliyeniandikia kuniuliza kwa ajili ya mzazi wako, nakuandikia yote, pamoja na aibu yangu.

Wakati huo nilikuwa sijafika miaka thelathini na tano. Nilikuwa fundi kwenye kiwanda cha shaba hapa Kolwezi, kazi yangu kutunza mikanda inayopandisha mawe. Shule niliiacha mapema, lakini mkanda niliujua: nikiusikia unalia, najua ni wapi umeharibika. Na ujuzi mdogo, mwanangu, huwa na kiburi kikubwa.

Mama, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Ngalula, alikuwa mtu wa kilio. Simaanishi kwamba alipenda machozi. Namaanisha kwamba palipofiwa, yeye alifika mapema na kuondoka mwisho. Alikaa chini kwenye mkeka, bega kwa bega na mfiwa, bila kusema kitu. Wanawake walisema ukimya wake unawatosha.

Kisha magoti yakaanza kumwangusha. Kwenye kilio cha jirani yetu alishindwa kushuka chini, akaletewa kiti cha plastiki. Mwanamke mmoja akamtania, "Eh, Mama Ngalula! Leo umekuwa shefu, mukubwa wetu, unatuangalia toka juu?" Wenzake wakacheka kidogo, naye akacheka. Aliporudi nyumbani hakula. Aliniambia tu, "Mi sitaki kukimbia. Minataka kushuka ku mukeka na kuinuka miye mwenyewe. Mutu analia chini, utamufariji namna gani toka ku kiti?"

Maneno hayo niliyasikia kwa sikio moja. Mtaalamu wa viungo wa hospitali alikuwa amemshauri atafute mashine au njia nyingine ya kuchezesha miguu nyumbani bila kuigonga chini, ili nyama za mapaja zipate nguvu ya kulisaidia goti. Mimi nikashika neno moja, mashine, nikaenda mbio kwa Tata Salumu.

Tata Salumu, yaani Baba Salumu, alikuwa mfanyabiashara, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka upande wa Maniema. Aliuza vitu vilivyokwisha kutumika Ulaya: friji, baiskeli, vitanda vya wagonjwa. Katikati ya vitu hivyo niliona mashine ya kukimbilia, yenye mkanda mweusi unaozungushwa na umeme. Moyo uliruka. Nikaisikiliza mota, nikazungusha rola kwa mkono. Mkanda mzima kabisa, kama ule wa kazini, ila mdogo.

"Ile ni ya kupelekea nani?" Tata Salumu akaniuliza.

"Ya mama, tata."

"Mama mwenyewe iko wapi?"

"Iko ku nyumba. Minataka imushangaze."

Alinitazama kidogo. "Mutoto yangu, goti haipendake kushangazwa. Kwenda umulete kwanza."

Sikumleta. Nilipakia mashine nikaenda nayo, na majirani wakaja kuitazama. Mama alipanda, akashika vyuma vya pembeni, akatembea. "Iko muzuri, mwanangu," alisema. Kila nilipomuuliza alijibu hivyo hivyo. Alinidanganya kwa upendo, nami nilipenda kudanganywa. Mkanda haumsubiri mtu. Goti likiuma, wenyewe unaendelea. Siku moja umeme ukakatika ghafla, kama unavyokatika hapa kwetu, mkanda ukasimama, naye akajigonga magoti kwenye chuma. Hakuniambia. Kesho yake ndipo nilipomkuta jikoni.

Nilirudi kwa Tata Salumu na ile mashine kwenye mkokoteni, uso chini. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

"Kila siku unapandisha majiwe ku mukanda," alisema, "sasa ukapandisha na mama yako. Jiwe haisemake kama inaumia. Na mama hakusema, sababu anakupenda. Njo maana ulipashwa kumuuliza mara mbili."

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi niliisoma methali hiyo shuleni. Siku ile ndipo nilipoielewa.

Alikubali kuichukua mashine na kunibadilishia, kwa sharti kwamba mama aje mwenyewe. Alipokuja, alimpa kiti kwanza, na maji ya kunywa. Kisha akamuuliza, "Mama, inakuuma wapi? Na inakuuma ukifanya nini?" Mimi mwanawe sikuwahi kumuuliza hivyo.

Akamsogezea baiskeli ya mazoezi isiyotembea, yenye tandiko juu. Mama akajaribu kuinua mguu kuvuka chuma, akaishia njiani. "Basi," akasema Tata Salumu. "Yenye kukuumiza ku kupanda, itakuumiza na ku kushuka." Akaleta nyingine: kiti kipana cha chini chenye mahali pa kuegemea mgongo, pedali zikiwa mbele, hakuna chuma cha kuvuka, hakuna umeme. Mama akakaa kama anavyokaa mezani.

Hapo ndipo yule mzee alipopiga magoti chini, na magoti yake yenyewe hayakuwa mazuri, akaanza kusogeza kiti kwenye chuma chake, tundu kwa tundu. Kikiwa karibu mno, goti linakunjika kupita kiasi. Kikiwa mbali, mguu unanyooka wote na goti linakaza. Akakiacha pale ambapo mguu, pedali ikiwa mbali kabisa, unabaki na mkunjo mdogo. Kisha akalegeza uzito wote wa pedali. "Kanyaga, mama. Usinionee haya. Ikiuma, sema."

Mama alikanyaga. Halafu akatabasamu. "Hapa goti inaitika."

Alianza na dakika tano asubuhi, tano jioni. Nikamkatia ukanda wa mpira kutoka tairi ya ndani ya baiskeli, akawa anaunyoosha kwa mguu akiwa amekaa. Haba na haba hujaza kibaba. Magoti hayakupona, nisikudanganye. Ila mapaja yalipata nguvu.

Mwaka uliofuata Tata Salumu alifiwa na mkewe. Mama alikwenda. Mimi nilikaa uani na wanaume, mlango ukiwa wazi. Mama alipoingia, mtu alikimbia kumletea kiti. Akakikataa kwa mkono. Akashika mlango, akarudisha mguu mmoja nyuma, akashuka polepole mpaka mkekani, karibu na binti wa marehemu aliyekaa pale pale mlangoni. Binti yule akamwekea kichwa begani. Jioni mama aliweka mto chini, akageuka, akaukandamiza kwa mikono miwili, akasimama. Hakuna aliyemshika. Tata Salumu aliyaona yote. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta.

Basi mwanangu, ukitaka kumchagulia mzazi wako mashine ya mazoezi, nenda naye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usivutwe na mota wala mng'ao. Sisi wa jimbo hili la Lualaba tunajua si kila jiwe la kijani lina shaba. Mashine nzuri ni ile anayoweza kuipanda bila kuruka, isiyougonga mguu wake, na inayosimama yeye akisimama. Aanze na wepesi. Kesho yake asubuhi mtazame goti, usimtazame usoni, kwa maana uso wa mzazi husema iko muzuri. Likivimba, apunguze; likizidi, mrudishe hospitali. Na kabla ya hayo yote muulize anataka magoti yake yamfikishe wapi. Wa kwangu alitaka kufika kwa wanaolia. Huenda wako anataka kufika shambani tu, au kwa dada yake huko Lubudi. Hilo ndilo linalochagua.

Mungu akupe sikio la kusikia anachokuficha anayekupenda. Akuimarishie miguu uwafikie watu wako, na siku miguu itakaposhindwa, usikose mtoto wa kukaa karibu nawe na kukuuliza inauma wapi. Amina.