Sanduku Lilijaa, Golini Hakuna Mtu

Makosa ni yangu. Msinitafutie kisingizio, na jina langu msiniulize, maana Wakenya wa Riyadh tunajuana.

Mimi ni mlinzi, naishi Malaz. Kila Ijumaa tuna ligi yetu ya mpira: madereva, walinzi, vijana wa mjengo. Kamishna wetu wa kwanza alikuwa Hamisi, mtu wa Mombasa, Kiarabu anakimwaga kama maji. Shida yake ilikuwa moja tu. Sanduku la ligi lilikuwa tupu kila wakati!

Kila Alhamisi alinunua kredo ya simu, akawapigia makafili, wale mabosi wanaowadhamini wachezaji, mmoja mmoja: "Baba, kesho kijana wako atakuwa kwangu, jioni namrudisha." Wale wagumu aliwapelekea tende. Pesa za ligi hizo, jameni!

Mimi ilinikera. Siku ya mkutano nikasimama na huu mdomo wangu. "Kamishna anapimwa kwa sanduku! Huyu anawalisha makafili tende na sisi hatuna hata jezi!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Hamisi akaniangalia, akasema, "Haya, ndugu yangu." Tukampigia Mutua kura.

Mutua naye, wacha tu! Alituletea mfadhili, mwenye duka la kusafirisha mizigo. Jezi mpya, mipira mipya, sanduku likanona. Simu za Alhamisi? Halas, alizifuta. Mimi nilitembea kifua mbele nikiuliza watu, si niliwaambia?

Ndipo tukaalikwa Jeddah, kucheza na Wakenya wa huko. Mutua akakodi basi zuri. Kipa wetu, nimwite Wafula, alikuwa dereva wa familia moja kule Al-Malqa. Kabla ya kupanda alinishika mkono.

"Hamisi ameongea na bosi wangu?"

"Hamisi si kamishna tena. Panda bwana, mafi mushkila, hakuna shida."

Tukiwa njiani simu yake ikalia. Bosi. Ikakatika, ikalia tena. Ndani ya basi kulikuwa na baridi ya AC lakini Wafula alikuwa anatoka jasho. Sote tukawa tunaitazama ile simu tu.

"Brathe, nishike?"

Nikamwambia, Mungu anisamehe, "Ukishika utaambiwa urudi, na kipa mwingine hatuna. Zima!"

Akaizima. Kwa sababu aliniamini!

Tulishinda. Wafula aliokoa penalti, tukambeba juu juu, lakini hakucheka hata kidogo. Tuliporudi Riyadh akakuta geti la bosi halifunguki. Alikuwa amepigwa hurubu, yaani ameripotiwa kuwa mfanyakazi aliyetoroka. Ukipigwa hurubu, ikama yako, kile kibali cha kuishi, imekufa. Huna kazi, na ukikutana na polisi unashikwa.

Nilikimbia kwa nani? Kwa Hamisi, yule yule niliyemfanya achekwe na watu! Hakunilaumu. Alibeba tende, tukaenda Al-Malqa. Bosi alisimama mlangoni akafoka, Hamisi akinitafsiria kwa sauti ya chini.

"Anasema mama yake alizidiwa, na dereva wa kumpeleka hospitali hayupo. Anasema siku zote mimi humpigia Alhamisi. Safari hii hakuna aliyempigia, kwa hivyo alijua Wafula ametoroka."

Woi! Hamisi akamsihi aiondoe ile ripoti. Bosi akasema, "Mafi," akafunga mlango.

Nikaenda kwa Mutua, nikamwomba ligi imsaidie Wafula hata na chakula akijificha. Akanijibu, "Si ni wewe ulisema kamishna anapimwa kwa sanduku? Sasa unataka nilipunguze?" Maneno yalikuwa yangu.

Wafula alishikwa, akarudishwa Kenya bila hata begi lake la nguo. Juzi amenipigia kutoka Bungoma. Watoto wako nyumbani, karo imekosekana. Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane! Badala yake akaniuliza, "Na sanduku la ligi liko aje?"

Nikamwambia limejaa.

"Haya," akasema. "Ni vizuri."

Nililia kwenye kibanda changu cha ulinzi kama mtoto.

Wewe unayemsifu kiongozi wa chama, wa ligi, wa chochote kile kwa sababu sanduku limejaa, nakuomba, usipige makofi haraka kama mimi. Uliza kwanza pesa hizo zimebaki kwa sababu gani, ni kitu gani hakikufanywa, na ni nani atakayekilipia. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa, na Ijumaa hii tunacheza tena bila Wafula.