Mama Upepo na Mjukuu Aliyeitwa Jeki

Simu ilipolia, Mama Upepo alikuwa amelala chali chini ya gari la mwoka mikate, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko. Alimpigia mumewe kelele apokee na aweke sauti ya juu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake mlangoni mwa karakana, akabonyeza.

"Mama, amezaliwa!" Ilikuwa sauti ya binti yao wa pekee, kutoka ng'ambo alikoolewa. "Wa kiume. Mzima kama kigongo!"

Mama Upepo alitoka chini ya gari kwa pupa hata akajigonga kwenye bampa. Akapiga vigelegele huku anajisugua kichwa. Mwoka mikate, aliyekuwa akisubiri gari lake, akapiga makofi bila kujua anashangilia nini.

"Na jina? Mmempa jina gani?"

"La babu yake mzaa baba. Anaitwa Jeki."

Mama Upepo aliacha kujisugua kichwa.

"Jeki," alirudia Mama Upepo. "Jeki hii ya kunyanyulia magari?"

"Mama, kwao ni jina la watu."

"Muulize," alidakia Mzee, "ni ya lori au ya gari dogo?" Akacheka mpaka fimbo yake ikaanguka. Mwoka mikate naye akacheka. Mama Upepo hakucheka. Alisema hongera, akasema Mungu amkuze, kisha akarudi chini ya gari, na spana ikasikika ikigonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wateja walimwita Mama Upepo kwa sababu ya mashine yake ya kujazia matairi upepo, iliyokuwa ikinguruma pale tangu asubuhi. Wachache walijua alivyoingia kwenye kazi ile. Zamani Mzee alikuwa dereva wa lori la saruji, naye, bibi harusi mpya, alipenda kumsindikiza safarini. Siku moja tairi la nyuma lilipasuka kwenye mteremko, mvua imetoka kunyesha. Mumewe akaweka jeki, akafungua tairi, nati moja ikamponyoka ikabingirika chini ya lori. Alipoingiza mguu kuivuta, jeki ikateleza kwenye tope, lori likashuka.

Hapakuwa na mtu wa kuitwa. Yule bibi harusi, ambaye hakuwahi kushika hata bisibisi, aliokota jeki ileile, akatafuta ubao akautandika chini yake isizame, akapampu huku analia kwa sauti, mpaka lori likanyanyuka na mumewe akajivuta nje. Mguu uliungwa, lakini ukapona ukiwa mfupi kuliko mwenzake, na udereva ukaishia hapo. Aliyeingia kwenye kazi ya magari akawa mke. Alijifunza jeki za kila aina, za kuzungusha na za mafuta, na hakuna gari lililowahi kuteleza mikononi mwake. Lakini kuipenda jeki, hapana. Aliishi nayo kama mtu anavyoishi na mbwa aliyewahi kumng'ata.

Binti yao hakuijua habari hiyo. Aliambiwa tu kwamba baba alipata ajali ya lori, basi.

"Majina yote yaliyojaa duniani," Mama Upepo alimwambia mumewe wakiwa mezani, "wamekwenda kuchukua la adui yako."

"Jeki ilinivunja mguu, sikatai. Ila nani alinitoa? Si jeki hiyohiyo?"

"Nilikutoa mimi!"

"Wewe na jeki. Hebu basi nipige jeki na sasa, niinuke nikanawe mikono."

Alimshika mkono akamwinua, lakini uso haukukunjuka. Ikawa kila binti akipiga simu, mama anauliza: "Mtoto amenyonya? Mtoto analala vizuri?" Mtoto, mtoto, basi. Binti alivumilia, mwishowe yakamshinda.

"Mama, mwanangu ana jina lake," alisema taratibu, akaaga.

Maneno hayo yalimchoma. Alijua amekosea, ila ulimi haukumtii. Na kama vile ni mkosi, neno lenyewe likawa linamfuata kila pembe. Fundi redio wa mlango wa pili alipita akiulizia jeki ya spika, kile kipini cha kuchomekea waya. Madereva teksi waliocheza karata kando ya ukuta walilipuka kwa kelele: "Jeki ya shupaza! Umekwisha leo!" Wakamwonyesha yule ghulamu mwenye masharubu aliyechorwa kwenye karata.

"Hivi jeki ziko ngapi dunia hii?" aliwauliza. Hakuna aliyejua.

Alipofika mkutubi wa maktaba ya mtaa, gari lake likichechemea kwa pancha, Mama Upepo alilitoa tairi, akalizamisha kwenye pipa la maji kutafuta tundu, kisha akauliza bila kumtazama:

"Mwanangu, wewe unaishi na vitabu. Jeki ni kitu gani?"

Mkutubi aliangalia kile chuma kilichobeba gari lake. "Si hiki, mama?"

"Hiki nakijua. Nauliza neno. Limetoka wapi?"

"Hapo umenikamata," alisema mkutubi. "Sijui. Lakini najua pa kutazama. Njoo kesho mchana, tutafute pamoja."

Siku iliyofuata Mama Upepo alinawa kwa sabuni ya unga mara mbili, akavaa gauni la kutokea, akaenda. Mkutubi alishusha kamusi kubwa ya Kiingereza, nzito kama betri ya lori, wakakaa bega kwa bega. Mkutubi alisoma polepole na kutafsiri.

"Kwanza lilikuwa jina la mtu. Ni njia ya kumwita kwa mapenzi mtu mwenye jina ambalo sisi tunasema Yohana, au Yahya."

"Jina la heshima kabisa hilo!"

"Ngoja. Lilienea mno, mpaka mtu yeyote asiyejulikana akawa ni Jeki. Kibarua, Jeki. Baharia, Jeki. Kijana wa kutumwa, Jeki."

"Aa! Kumbe mjukuu wangu ni wa kutumwa!"

"Mama, ngoja nimalize!" Mkutubi alikuwa anacheka kwa kujibana, maana ndani ya maktaba ni yeye anayewanyamazisha wenzake. "Baadaye watu walianza kutengeneza vifaa vya kufanya kazi za yule kijana. Kulikuwa na cha kumvua bwana mabuti, kikaitwa Jeki. Cha kugeuza nyama juu ya moto, Jeki. Na cha kunyanyulia vitu vizito."

"Na yule wa karata?"

"Mtumishi wa mfalme. Huyohuyo."

"Ya spika?"

Mkutubi alifunua kurasa. "Inasemekana ilianzia kwenye mitambo ya simu za zamani. Na jaketi, wanasema huenda ni ndugu yao, lakini kwa upande wa Wafaransa. Ee, hii hapa nyingine! Fenesi kwa Kiingereza ni kama tunda la Jeki. Ila hapo ni kufanana kwa sauti tu. Wareno walilikuta India na jina lake, Waingereza wakalitamka walivyoweza."

Mama Upepo hakuwa na haja na fenesi. Alikuwa ameweka kidole juu ya ukurasa, kama anayeshikilia nati isianguke.

"Kwa hiyo mtoto hakupewa jina la chuma," alisema. "Chuma ndicho kilichopewa jina la mtoto."

"Ndivyo ilivyo."

"Na chuma kile kikafanya nini? Kikanisaidia kumtoa mume wangu." Akatikisa kichwa. "Yule mzee atanicheka mpaka ajisikie vibaya."

Hakusubiri afike nyumbani. Pale pale nje ya maktaba, amesimama juani, alimpigia binti yake simu.

"Jeki amelala?" aliuliza.

Upande wa pili mtu akavuta kamasi. "Ndiyo, mama. Jeki amelala."

Binti na mumewe walikuja kuwatembelea wazee mtoto alipoanza kutembea. Mkwe, kijana mrefu ajuaye Kiswahili cha kufundishwa na mkewe, aliinama kumsalimia mama mkwe na kujigonga kwenye kizingiti. Siku hiyo, baada ya kula, Mama Upepo alisimulia habari ya mteremko, tope na ubao. Binti alilia, akautazama mguu wa baba yake kama anauona kwa mara ya kwanza.

"Mama, tusamehe," alisema mkwe. "Hatukujua. Ukitaka, tunaweza kumbadilishia jina."

"Thubutu!" Mama Upepo alimkumbatia mtoto kifuani. "Liguseni jina la mjukuu wangu mnione!"

Mzee alichekea kwenye kikombe, chai ikampalia, ikabidi apigwe mgongoni.

Asubuhi yake karakana ilifunguliwa kama kawaida, na hapo ndipo matata yalipoanza. Mama Upepo alichungulia chini ya gari la mwoka mikate, akanyoosha mkono nyuma. "Mzee, lete jeki!"

Miguu midogo ikasikika ikipiga sakafu. Mtoto akatokea mbio, anayumba kushoto na kulia, mikono juu, anataka kubebwa.

"Si wewe, baba. Nenda kwa mama." Akambusu, akamgeuza. Baada ya muda akasahau tena. "Hiyo jeki iko wapi?" Miguu ileile, mbio zilezile. Mara ya tatu mwoka mikate alikaa chini kwa kicheko, na mkwe akachukua picha.

"Haitawezekana hivi," alisema Mama Upepo, mtoto kiunoni, alama ya grisi imemkaa puani. "Kuanzia leo, mpaka wageni waondoke, yule mwingine ataitwa kinyanyuzi. Mzee, umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, niletee kinyanyuzi."

Mzee aliinuka kwa fimbo yake, akaingia stoo, akatoka amebeba ngazi. "Si nacho kinanyanyua watu?" aliuliza.