Mikaratusi Kwenye Goli la Kusini

Wiki iliyopita nilikwenda halmashauri, pale Tarime mjini, kufuatilia hati ya kiwanja alichoniachia bibi yangu. Nilikaa kwenye benchi la ofisi ya ardhi mpaka kiuno kikafa ganzi. Ukutani walikuwa wamebandika ramani kubwa ya senta yetu, imepakwa rangi: njano ni makazi, nyekundu ni biashara, bluu ni shule na zahanati. Nikawa naikodolea macho, natafuta kwetu ni wapi, na binti mmoja wa mipango miji, umri wa mdogo wangu wa mwisho, akaniona.

"Mama, nyie kwenu mna shida," akasema. "Angalia, kijani hakuna hata chembe. Tunatafuta eneo la uwanja wa watoto mwaka wa pili huu, hatupati. Hivi wazee wenu hawakupenda michezo?"

Nikacheka tu. Ningemwambia nini binti wa watu, foleni nyuma yangu inasukumana? Lakini wewe tunajuana siku nyingi, wewe nitakuambia.

Tulikuwa na uwanja. Tena uwanja, si kijisehemu. Ulikuwa katikati kabisa ya senta, upande huu shule, upande ule njia ya kwenda Gorong'a, na hakuna aliyekumbuka ulianza lini. Hatukuwa na mashine ya kukata nyasi, tulikuwa na ng'ombe. Asubuhi na jioni ng'ombe wa nusu ya kijiji walipita pale wakienda na kurudi malishoni, wakazila nyasi zikabaki fupi kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Shida ilikuwa kwa magolikipa. Golikipa wa kwetu kabla hajaruka alitazama kwanza atatua wapi, na kama kuna kinyesi kibichi, basi hilo goli aliliacha lipite. Tulikuwa tunafungwa hivyo na hakuna aliyemlaumu.

Siku za harusi watu walikusanyika palepale, litungu, ala yetu ya nyuzi, likalia, wanaume wakaruka juu na njuga miguuni mpaka vumbi likaingia kwenye sufuria za nyama. Na mambo mazito ya kijiji yalipotokea, wizi wa ng'ombe au ugomvi wa koo, iritongo ilikaa pale, yaani baraza la watu wote, kila mmoja na fimbo yake. Mimi nilipita pembeni na ndoo ya maji kichwani, nikisikiliza, nikijifanya sisikilizi.

Bibi ndiye aliyenilea. Aliniamsha jogoo wa pili, nikachota maji, nikafunga ndama, nikafagia zizi, ndipo nikapewa uji wa ulezi uliolala. Uji uliolala una uchachu wake mtamu, we acha tu, siku hizi nautafuta siupati. Jioni ilikuwa ugali wa mtama na mgagani uliopikwa kwa maziwa. Na katikati ya hapo, kati ya kutoka shule na kuwasha moto, nilikuwa na kasaa kangu kamoja. Hako kasaa ndiko kalikokuwa utoto wangu wote, na nilikatumia uwanjani.

Kwa sababu alikuja mwalimu. Hakuwa wa kwetu, alitoka Kigoma huko, mtu mfupi, mpole, Kiswahili chake kinateleza hadi tunamcheka. Alikuja na mpira wa ngozi wa kweli, si manailoni tuliyokuwa tunafunga kwa kamba za katani. Kisha akafanya jambo ambalo lilitaka kumfukuzisha kazi: akasema alhamisi ni siku ya wasichana. Wazee walikuja juu. Msichana acheze mpira, akiolewa nani atalipa ng'ombe? Bibi yangu aliposikia akasonya, akasema, "Waache wakimbie. Mbona hamsemi wakibeba kuni?" Nikaruhusiwa. Nikawa nahodha, si kwa ufundi, ni kwa mdomo.

Sasa huyo mwalimu alikuwa na ugonjwa mmoja, wa kuandika barua. Aliiandikia halmashauri kila muhula. Alituambia darasani kwamba uwanja usiopimwa ni kama ng'ombe asiye na chapa, siku yoyote anatembea na mtu mwingine. Alitaka uwanja uchorwe kwenye ramani, uwekewe mawe ya mipaka, uandikwe kwamba ni wa michezo, ili hata sisi tukifa ubaki. Alipeleka barua mwenyewe kwa baiskeli mpaka Tarime. Wazee walimwita Mwalimu Bahasha.

Na siku moja barua zikajibiwa. Lilikuja gari jeupe, wakashuka afisa mmoja na vijana wawili na kile chombo chao cha miguu mitatu, wakavuta utepe kutoka goli la kaskazini mpaka goli la kusini. Wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Afisa akamwambia mtendaji wa kijiji, mbele za watu, kwamba senta yote itapimwa viwanja na kwamba pale patakuwa eneo la wazi la michezo. Watarudi baada ya wiki mbili kuhakiki. Wakapanda gari, wakaondoka. Mwalimu wetu alirukaruka kama mtoto.

Hapo ndipo tulipoharibu.

Lazima nikueleze kitu kinaitwa tegesha, maana nje ya Tarime watu hawakijui. Kule upande wa machimbo ya dhahabu, kila eneo lilipotakiwa kuchukuliwa, walikuja wathamini kuhesabu nyumba na miti ili watu walipwe fidia. Watu wakajifunza. Ukisikia utepe unavutwa, hukai. Unasimamisha kibanda cha miti mitano, unaezeka bati chakavu, unapanda miche imebanana, unangoja kuhesabiwa. Hiyo ndiyo tegesha. Kuna nyumba zilisimama bila hata mlango, kwa sababu hakuna aliyepanga kuingia. Hata wageni waliokuja kuchimba dhahabu waliijua tegesha kabla hawajajua kusalimia kwa Kikurya.

Kwa hiyo afisa alisema "michezo", lakini masikio ya watu yalisikia utepe. Jioni ileile mmoja akasema, "Eti michezo! Nani anavuta utepe kwa ajili ya watoto? Hawa wamepata dhahabu chini ya uwanja." Basi, ikawa hivyo. Kesho yake kibanda cha kwanza kilisimama kwenye kona. Kesho kutwa vilikuwa vingi mno, kila ukoo umejikatia kipande, wengine wamepanda katani, wengine mihogo, jirani yetu akapanda migomba ambayo tayari ilikuwa na mikungu.

Bibi alishikilia siku tatu. Siku ya nne akanibebesha miche ya mikaratusi kwenye karai, yeye akabeba jembe, tukaenda. Kipande kilichobaki kilikuwa goli la kusini. Tukapanda pale, mstari mmoja kwenye mstari wa goli, mwingine umeishia kwenye alama ya penalti. Nikamuuliza, "Bibi, na mpira?" Hakukasirika. Alisema, "Walipopanua barabara walichukua malisho ya babu yako. Wakaangalia, wakaona nyasi, wakaandika nyasi. Ardhi tupu haina mdomo, mjukuu wangu. Sirudii." Na mimi namwelewa, hadi leo namwelewa. Alikuwa mjane mwenye mjukuu mmoja wa kulea na ng'ombe wawili. Kila asubuhi akanituma nikamwagilie.

Tena nitakuambia ukweli mbaya zaidi: nilipenda. Miche ilishika, ikatoa majani mapya mekundu, na nilikuwa naihesabu kama mtu anavyohesabu vifaranga.

Mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba. Kwetu alikuja, akaamkia, "Shikamoo bibi," akapewa kigoda na kibuyu cha maziwa mgando. Akaeleza polepole kwamba hakuna fidia, hakuna dhahabu, kuna uwanja tu. Kwamba maofisa wakirudi wakakuta nyumba wataandika makazi, na wakishaandika, basi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamjibu, "Nimekuamini, mwalimu. Wa jirani waking'oa, mimi nang'oa siku hiyohiyo."

Na kila nyumba alijibiwa hivyohivyo, neno kwa neno. Iritongo ikaitwa, ikakaa kwenye vijia kati ya vibanda maana penginepo hapakuwepo. Wote wakakubali kwamba uwanja ni mzuri na miti ing'olewe. Mwenyekiti akauliza, "Nani anaanza?" Kila mtu akamtazama jirani yake. Mzee mmoja akamwambia mwalimu, "Mura, kijana, wewe ni mgeni, huna hata mche mmoja hapa. Ungekuwa nao ungejua." Watu wakacheka, mkutano ukaisha. Siku ile ndiyo nilimwona mtu mzima ametaka kulia akajizuia.

Siku moja kabla ya maofisa kurudi, mwalimu alitufungia mlango wa darasa. Akasema wakubwa wameshindwa kwa sababu kila mmoja anamwangalia mwenzake, kwa hiyo tuanze sisi. Kesho asubuhi, kila mwanafunzi ang'oe mche mmoja tu, wa kwao. Mmoja. Wazazi wakiona watoto wote wameanza, wataona haya, watamalizia. Akatuuliza kama tumekubali, tukaitikia hadi bati zikatetemeka. Mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kuliko wote. Nahodha!

Asubuhi nikaenda na kopo langu la maji kama kawaida, ili bibi asishtuke. Umande bado ulikuwa umelala. Wenzangu walikuwepo, usidhani hawakuja. Kila mmoja alisimama kwenye kipande cha kwao, mkono umegusa mgomba au mhogo, wakitazamana. Wazazi nao walikuwa wametoka, wamesimama mbali kidogo, wamejifunga mashuka. Mwalimu alisimama mahali palipokuwa katikati ya uwanja, mpira kwapani. Akangoja. Nilisikia ng'ombe wakija, wakafika kwenye vibanda, wakasimama wakishangaa, maana njia yao ilikuwa imezibwa.

Mwalimu akanigeukia mimi. "Nahodha?" akasema. Hivyo tu, tena kwa upole.

Wote wakanigeukia. Wasichana wote wa alhamisi, wavulana, wazazi. Nikainama, nikaushika mche uliokuwa kwenye alama ya penalti. Nikainua macho nikamwona bibi amesimama kando ya njia na fimbo yake. Hakunikataza. Naapa hakunikataza, hata kichwa hakutikisa. Alikuwa ananitazama tu, kama anayetaka kujua nitafanya nini.

Nikaumwagilia maji.

Nikasikia wenzangu wanashusha pumzi, mmoja baada ya mwingine, wakaachia mihogo yao. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema, "Haya." Akaondoka kwenda shule. Jua lilipopanda maofisa wakaja, wakazunguka, hawakugombana na mtu. Yule afisa alimuuliza mtendaji mara mbili kama ni kweli watu wanaishi pale, na mtendaji, naye alikuwa na kibanda chake, akasema wanaishi. Wakaandika makazi.

Fidia haikuja, bila shaka. Dhahabu haikuwepo. Watu walingoja mwaka, miwili, kisha vibanda vikaanza kupata milango kweli, watu wakaingia, ikawa mtaa. Ng'ombe wakatafuta njia nyingine. Litungu likahamia kwenye spika za baa. Siku za alhamisi mimi na wenzangu tulirudi nyumbani moja kwa moja, tukaongezewa kuni. Siku hizi watoto wa kwetu wanachezea barabarani, na bodaboda zinapita katikati yao zikipiga honi.

Mwalimu alihama mwisho wa mwaka ule, akapangiwa Nyansurura, kule Serengeti. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, nikiwa mtu mzima, kwenye soko la Mugumu. Ameota mvi, ananunua viazi. Nikamwamkia shikamoo, nikamtajia kwetu. Alinikumbuka papo hapo, akacheka kwa furaha, akaulizia bibi, nikamwambia tumeshamzika. Akapokea chenji yake, akaniuliza, "Na ile miti, ilikua?"

"Ilikua, mwalimu."

"Vizuri," akasema, na alimaanisha, maana hakuwa mtu wa kejeli. Akanipa viazi vitatu kutoka kwenye mfuko wake.

Ilikua kweli. Bibi aliuza nguzo zake akanilipia sekondari, zilizobaki zikajenga nyumba ambayo ndiyo hiyo natafutia hati. Kwa hiyo usinione nalalamika, uwanja ule niliula mimi kuliko mtu yeyote. Watu wa kwetu wakikaa wanalaumu halmashauri, wengine wanalaumu machimbo, wengine wanasema ni uroho wa wazee. Mimi nakaa kimya. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kijiji kizima kilikuwa kinaningoja, na ule mche ulikuwa na siku kumi tu ardhini. Nilikuwa nimeushika. Niliusikia umelegea kwenye udongo, ungetoka kwa vidole viwili.