Kadi Mbili za Sauti za Papa Etabo

Mwandiko wangu ni mbaya na herufi zingine zitakosea mahali pake; niliishia shule ya msingi. Munisamehe. Nataka kuwaeleza wadogo zangu kazi niliyofanya katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, wakati wa vita, katika nyumba ya Papa Etabo ya michezo ya kompyuta.

Siku ya kwanza aliniambia, "Mbele ya kufungua ordinateri, shika kwanza chuma chake. Umeme wa mwili wako unaweza kuua kadi." Nikashika. Mashini yetu ilikuwa ya zamani na bubu. Magari yalikimbia kwenye kioo kimya kimya, wachezaji wakacheka, wakaondoka. Papa Etabo akasema, "Bila sauti tunafunga mlango."

Mchuuzi wa Uvira akampa kadi mbili za sauti, vibao vidogo vya kuipa mashini sauti, ajaribu, abaki na moja. Zote ziliingia katika tundu refu jeusi la mashini za zamani. Kadi mpya haziingii humo. Ya kwanza ilikuwa na nguvu yake yenyewe: ukiiunga na spika, inanguruma. Ya pili ilikuwa dhaifu, lazima ipitie kwenye redio, lakini muziki wake ulikuwa safi.

Tulianza na yenye nguvu, mchana wa soko, na mchezo wa bunduki. Risasi ya kwanza tu, soko lote likakimbilia ziwani.

Mama Riziki, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, alirudi amelowa mpaka kiunoni. "Weye Etabo! Mashini yako itatuua mbele vita ifike!"

"Mama, lakini sauti iko muzuri, hapana?"

"Iko muzuri kwako. Ndagala zangu ziko chini!"

Papa Etabo bado aliitaka. Mimi, ambaye sikuzoea kusema mbele yake, nikasema, "Papa, tuchukue ile ingine."

"Ile ya kuimba kama kanisani?"

"Ndiyo, Papa."

Akanitazama, kisha akanipa bisibisi.

Nikaiunga na redio. Wimbo wa mchezo wa magari ukatoka, wachezaji wakarudi. Mama Riziki naye akaingia na beseni lake. "Acha iimbe kwanza. Mi nitauza kesho." Baada ya siku chache aliuimba wote akiuza.

Halafu asubuhi moja bunduki zililia. Mama Riziki akatufokea kutoka barabarani, "Etabo, zima!"

Mashini ilikuwa imezimwa. Papa Etabo akajibu, "Mama, si sisi. Kimbia."

Tulivuka ziwa mikono mitupu. Mama Riziki sikumwona ng'ambo. Mimi bado kijana, lakini kazi ile imekwisha: ordinateri za huku zina sauti ndani tayari, hakuna anayechagua. Wimbo ule nimeusahau katikati.

Msomaji, ukiwa na mashini yenye kadi kama ile ya pili na mchezo ule wa magari, niandikie. Na ukimsikia mama anayeuza ndagala akiuimba wote, muulize jina, kisha uniandikie upesi.