Barabara Yangu Iliyoishia Jikoni kwa Mama Mkwe

Jamani, hadi leo nikipita Unyambwa nashusha kofia usoni, maana kuna nyumba kule hawaniiti kwa jina langu. Bora niwasimulie mwenyewe, wengine huongeza chumvi (na chumvi ilishatosha).

Ilikuwa miaka ile ya biashara huria, kila kijana Singida ana kibanda au ndoto ya kibanda, na mimi niliyeishia darasa la saba ndoto yangu ilikuwa kuuza ramani za mji kwa wageni wanaofuata kuku na vitunguu. Ramani ilikuwepo, halmashauri waliiweka ukutani na kuandika juu yake kwamba ni ya wananchi wote, ila ilikuwa ndani ya kioo chenye kufuli, na nilipoomba nikaitoe kopi karani akasema, "Ya wananchi kuangalia, kijana. Kuitoa mpaka kibali, na mwenye kibali yuko semina." Nikasimama pale na penseli nikainakili kwa macho, huku ile sehemu ya chini inayoeleza alama imezibwa na tangazo la chanjo ya ng'ombe lililobandikwa nje ya kioo. Barabara nyingine zilikuwa za mistari iliyokatikakatika. Nikaona wino uliwaishia, maskini, nikawasaidia kuiunganisha.

Ramani ya kwanza niliitumia mwenyewe, siku ya posa yangu. Hadija nilimjua sokoni tu, anapouza vitunguu, kwao sijawahi kukanyaga (uzurure mlangoni kwa baba yake, Mzee Njiku, una miguu ya akiba?). Alinieleza nyumba iko nyuma ya josho la ng'ombe, mlango wa bluu, akanionya kwamba baba yake hapendi watu wa ovyo, washenga wakiharibu hakuna kurudi mara ya pili.

Baba mdogo, ndiye mshenga, akataka tuulize njia dukani.

"Baba mdogo, tuna ramani," nikamwambia.

Muoaji hafiki na washenga, nami nilipanga kuwaacha kwenye kona ya mwisho, lakini barabara yangu ilifika kwenye shamba la alizeti ikaisha, na kwenye karatasi inaendelea, imenyooka vizuri kabisa. Nikasema labda wamelima juu yake, tukazama humo, baba mdogo na koti lake la Idi, shangazi na kanga mpya, mimi na jogoo wa zawadi kwapani, unga wa maua hadi kwenye nyusi, tukatokea uani, jikoni, mbele ya mama mkwe mtarajiwa aliyekaa kwenye kigoda ananyonyoa kuku, kanga kaikunja magotini. Jogoo wangu kuona vile akaniponyoka akatua kwenye ungo wa mchele.

"Shikamoo mama," nikasema, sikuwa na jingine.

"Marahaba," akajibu akishusha kanga. "Ninyi wezi au wageni?"

"Wageni," baba mdogo akasema. "Tumeletwa na huyu."

Dirishani Hadija alikuwa kajifunika uso, mabega yanatikisika, nikashindwa kujua ni kilio au kicheko.

Mzee Njiku akaja kutoka barazani alikokuwa akitusubiri na ndugu zake. "Nani kawaambia huku kuna njia?"

Nikampa ramani kwa mikono miwili, nikamweleza nimeinakili kwenye kioo cha ukutani halmashauri. Akaitazama kwa makini.

"Hii barabara inapita jikoni kwangu. Na kule ukutani iko hivi?"

"Ilikuwa imekatikakatika, mzee. Mimi nikaiunganisha."

Jogoo anadonoa mchele. Washenga wakikosea hutozwa faini, nikajua ni mbuzi, na mbuzi sina.

"Faini yako," akasema, "Jumatatu unipeleke kwenye hicho kioo."

Jumatatu hakuomba kibali. Alibandua tangazo la ng'ombe kwa kucha, na chini yake maandishi madogo: mistari iliyokatika ni barabara zinazopendekezwa. Kumbe halmashauri walishampangia barabara jikoni, hawakumwambia, wakaiweka wazi kwa wananchi wote. Yeye na majirani walikwenda na kurudi halmashauri hadi alizeti ikavunwa, mstari ukahamishiwa kando ya josho, ndipo akatuma ujumbe kwamba washenga waje tena, safari hii kwa mlangoni.

Hadija sasa ni mke wangu, na anaapa kilikuwa kicheko. Ramani nauza, maelezo ya alama nayaandika makubwa kuliko mji wenyewe, na mstari wa mtu ukikatika nauacha ulivyokatika. Nikienda ukweni naulizia njia dukani, ingawa naijua, halafu napiga hodi mlango wa bluu.

"Bwana Barabara," mama mkwe huitikia kutoka jikoni, "leo umepitia wapi?"

"Mlangoni, mama."

"Haya, karibu. Huku mchele tumeshafunika."