Presha ya Hamisi

Fusss, fusss, fusss. Ndivyo kilivyolia kipira cheusi cha kupimia presha mkononi mwa Mama Goreti, muuguzi wa zahanati, na mpaka leo nakisikia vizuri kuliko mabomu, ingawa siku ile mabomu yalikuwa yakitikisa chupa za dawa kwenye rafu. Tulikuwa tumetoka kwetu mtaa wa Buyenzi asubuhi, mimi, baba na mdogo wangu Hamisi, aliyevimba uso hata macho yakabaki vijistari viwili. Watu walisema ni woga. Nani asingevimba, nyumba ya jirani ikichomwa moto na wenyewe wakiwa ndani? Bibi alimpikia supu ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akatia chumvi nyingi ili apate nguvu, naye akazidi kufura kama andazi.

Njiani risasi zilitukuta. Mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli mbele yetu alianguka kifudifudi, mikono bado kwenye usukani, damu yake ikachirizika mpaka mtaroni. Baba alitulaza chini, akatufunika kwa mwili wake. Nilinusa jasho lake, vumbi na baruti. Mimi nilikuwa mtoto wa kuota hata mchana, basi nikamnong'oneza Hamisi kwamba sisi ni samaki chini ya Tanganyika na risasi ni mvua tu juu ya maji. Akanijibu, meno yakimgongana, "Mvua gani hii inaua watu?"

Mama Goreti alimfunga Hamisi kile kitambaa chembamba cha watoto, akajaza upepo, akaweka vyombo masikioni, akavitoa kwa hasira. "Apana, sisikii kitu. Hizi bunduki zinanijaza masikio." Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole, akajaza upepo mpaka mapigo yakapotea, akauachia polepole mpaka yakarudi. Akarudia tena.

"Baba Zuhura, mutoto iko na presha. Tena ya juu."

Baba nusura acheke. "Presha ni ya wazee, Mama! Huyu ni woga, mutu wa baiskeli alipigwa risasi mbele yetu. Hata mi niko natetemeka."

Mama Goreti hakumpinga, maana woga nao hupandisha presha. "Kama ni woga, nikimutuma hospitali namupitisha mu risasi bure. Kama si woga, mukirudi naye nyumbani atakufa." Kisha akanigeukia. "We binti, njoo. Mulipita njia moja? Ule mutu alianguka, ulimuona?"

"Nilimwona."

Akanifunga mimi kile kitambaa. Bomu likaanguka jirani, vioo vya dirisha vikamwagika sakafuni, lakini vidole vyake havikuachia mkono wangu. Alipomaliza alimtazama baba. "Dada iko na woga uleule, lakini presha yake ni nzuri. Basi ya mutoto haitoki mu bunduki. Inatoka mu figo. Chumvi muache. Akianza kukojoa vizuri, amepona." Kikulacho ki nguoni mwako, sisi tulikuwa tukiikodolea macho milima zilikolia bunduki.

Baba alimbeba mgongoni, mimi nikashika shati lake, tukakimbia tumeinama kwenda hospitali. Tulimpita tena yule mtu wa baiskeli. Viatu vyake vilikuwa vimeshachukuliwa.

Siku hizi nampeleka mwanangu kliniki, chumba kimya, na wenzangu hucheka nikiomba apimwe presha. "We Zuhura, mutoto mudogo hivi iko na mawazo gani?" Nacheka nao, namkunjia mkono wa shati. Kimya siku hizi ni cha bure, hakuna anayekiona, ila mimi moyo hunijaa furaha, nikakumbuka asubuhi moja kule hospitali. Baba alikuwa amesinzia sakafuni, na Hamisi, uso umeanza kunywea, alikojoa kopo likajaa. Nililitoa nje mwenyewe. Bunduki zilikuwa zikilia milimani. Nikasimama juani, nimelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maziwa, nikalitazama mpaka nikatosheka, ndipo nikalimwaga.