Majina ya Kuitwa Kaburini

Ghati Wanzagi hakuwa mtu wa kuchezewa, na Bunda nzima ilijua hivyo. Muulize yule mwanachuo aliyemletea utafiti wa kunakili, akamwambia, "Dada, we badilisha maneno tu, mwalimu hatajua." Ghati akamrushia stepla, ikampata kwenye paji la uso. Alishonwa, na baadaye akarudi na utafiti aliouandika mwenyewe, maana mhariri mwingine wa kumnyoosha hakuwapo.

Zamani alifanya kazi kwenye chumba cha habari cha gazeti Mwanza, mpaka gazeti likafa. Akarudi nyumbani, akapanga fremu ya duka pale Nyasura, akaandika mlangoni: GHATI UANDISHI NA UHARIRI. Watu walicheka weee! Kuandika nako ni biashara? Kisha wakaanza kuja wenyewe: vikundi vya akina mama na maandiko yao ya kuomba ruzuku, wastaafu wa Butiama na kumbukumbu za maisha yao, makanisa ya Musoma na vitabu vya jubilei. Lakini kilichompa jina ni historia za marehemu.

Huku kwetu hushuki kaburini kimyakimya. Historia yako inasomwa kwenye kipaza sauti: ulizaliwa wapi, uliugua nini, umeacha nani. Halafu kwenye karatasi hiyohiyo wanaitwa wajane na watoto, mmoja mmoja, waje watupe udongo. Asiyeitwa anabaki amesimama na majirani, na watu wanaona. Siku ukoo ukikaa kugawa mali, wanamuuliza: wewe kwani uliitwa?

Ndiyo maana Ghati alikuwa haandikagi historia ya mtu kwa kuelezwa kwenye simu. Lazima aende kwenye msiba, akae na wafiwa, asikie mwenyewe.

Alipofariki Mzee Mugeta wa Kiriba, mwenye mitumbwi na shamba linaloshuka mpaka ziwani, mdogo wake Chrispin alikuja ofisini. "Madamu, andika mjane mmoja, Skolastika, na mabinti zake wawili. Basi, umemaliza."

Ghati akaenda Kiriba. Alimkuta Skolastika, mke mkubwa, ameketi kwenye mkeka, kichwa chini. Chrispin alikuwa amemwahidi kwamba akinyamaza, shamba lote litabaki kwake na kwa wanawe. "Mama, mke mwenzio tumwandike?" Ghati aliuliza. Skolastika akajifunika kanga usoni.

Nyuma ya migomba kulikuwa na nyumba ya pili. Humo alimkuta Boke, mke mdogo, na watoto watatu wenye sura ya marehemu waziwazi. Boke alikuwa amevimba mdomo, jino moja halipo.

"Shemeji amenipiga," alisema. "Amesema matanga yakiisha tuondoke. Niende wapi, dada? Hawa wamezaliwa hapahapa."

Hasira ilimpanda Ghati mpaka masikio yakawaka moto. Akarudi Bunda, akaandika wajane wawili na watoto watano, kila mmoja kwa jina lake, akairusha historia hiyo kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Kesho yake asubuhi Chrispin aliingia ofisini na jamaa mmoja mwenye panga kwenye gunia. Hakusalimia. Alimkamata Ghati nywele, akampigiza uso mezani, damu ikamwagika kwenye kibodi. Ghati naye si wa kukaa apigwe! Alimng'ata mkono hadi meno yakagonga mfupa, akarusha mateke, akaufikia mkasi. Lakini wawili ni wawili. Jamaa alimbana kwa nyuma, Chrispin akauingiza mkono wa kushoto wa Ghati kwenye droo ya meza, akaipiga droo kwa goti. Vidole vilivunjika kama kuni kavu. Mwenye duka la pembeni alisikia yowe lile, akafunga mlango wake.

"Wa kulia nimekuachia," Chrispin alisema akihema. "Andika."

Akaandika. Tusidanganyane, aliandika. Mjane mmoja, watoto wawili. Chrispin alichukua karatasi ingali moto kutoka kwenye mashine, akamtemea mate, akaondoka.

Ghati alikaa sakafuni akalia. Vidole vilimuuma, ndiyo, lakini kilichomtafuna hasa ni kwamba watoto watatu walikuwa wanakwenda kufukuzwa kwao kwa maneno aliyoyachapa yeye. Hospitali walimfunga mkono, wakamwambia akachukue fomu ya polisi. Alisema fomu itasubiri, mazishi hayasubiri.

Siku ya kuzika alisimama nyuma ya watu pale Kiriba, uso umevimba. Chrispin alisoma mwenyewe. Alipofika kwenye "ameacha mjane mmoja," Boke alipiga mayowe, na vijana wenye fimbo wakamsukuma chini na wanawe. Skolastika akaitwa, akatupa udongo. Mabinti zake wakatupa. Chrispin akanyanyua chepe aanze kufukia.

"Bado!" Ghati alipasuka. "Hiyo historia nimeiandika kwa kupigwa! Mjane wa pili, Boke, njoo!"

Watu wote wakageuka. Boke aliinuka, akala fimbo mbili za mgongo, akapita nazo, akatupa udongo. Chrispin akaja na chepe lake, watu wanampisha. Wanaume wazima, hebu fikiria, wanampisha!

Ghati hakukimbia. "Mtoto wa tatu, Leodgar Mugeta!"

Chepe lilimshukia begani, akapiga magoti. Leodgar alipambana na wenye fimbo, akatoka na damu kichwani, akatupa udongo.

"Wa nne, Shija Mugeta!"

Pigo la pili lilimpata shavuni, taya likaenda upande. Shija alipenya katikati ya miguu ya watu huku analia, akatupa.

Ghati akafungua kinywa aite wa tano. Ilitoka damu, jina halikutoka. Akajaribu tena, akakoroma tu. Kule nyuma mtoto wa mwisho, binti mdogo wa gauni lililokatwa kwenye kitenge cha mama yake, alikuwa amebaki peke yake, udongo tayari mkononi, anasubiri kuitwa. Chrispin alinyanyua chepe mara ya tatu.

Skolastika akainuka kwenye mkeka wake. Tangu mume afe, hakuna aliyekuwa amesikia sauti yake. Alitembea mpaka kwa shemeji yake, akalishika chepe kwa mikono miwili likiwa juu.

"Nipige na mimi, shemeji."

Chrispin akavuta. Yule mama hakuachia, makali yakamkata viganja, damu ikamchirizika hadi kwenye viwiko. Akapaza sauti bila kugeuka.

"Nyamburi! Njoo umzike baba yako."

Mtoto akaja.